Kaifungua prufu yangu kwa ukucha, kisha kaniambia ni feki

Kuna duka hapa Arusha, si mbali na Mnara wa Saa, linalokagua na kununua sarafu za zamani. Jina silitaji, sitaki kesi. Kukaguliwa ni elfu kumi kwa kila sarafu, na risiti usiiulizie.

Nilikwenda miezi kadhaa iliyopita na sarafu mbili. Moja ni rupia ya Mjerumani ya mwaka 1890, mali ya shemeji. Nyingine ni yangu, prufu, yaani sarafu iliyopigwa maalumu kwa wakusanyaji: shilingi 50 ya kifaru ya mwaka 1974, ile iliyotoka pamoja na twiga wa shilingi 25 na duma wa dhahabu wa shilingi 1,500 katika mfululizo wa kuhifadhi wanyamapori. Niliinunua kwa mama mmoja wa Shanty Town, Moshi, ikiwa bado kwenye kapsuli, kile kikasha cha plastiki cha kuilinda. Wenzangu wawili tunaokusanya nao walishaanza kunong'ona kwamba si prufu, ni ya kawaida iliyong'arishwa. Mizani yangu ya jikoni inaruka gramu tano tano, haisaidii kitu. Nikataka mtu wa pembeni amalize ubishi.

Kijana wa pale hata salamu hakuitikia. Kaibandua kapsuli kwa ukucha, kaitoa sarafu, kaikandamiza kidole gumba kwenye shavu la Mwalimu, na vidole vile vimetoka kwenye chipsi mayai! Nikapaza sauti: "Kaka, shika ukingoni!" Akanitazama, akaifuta kwenye fulana. Fulana jamani! Mtu anayekula kwa sarafu! Uso wa prufu ni kioo. Ukiupitishia kitambaa unaacha mikwaruzo midogo ambayo haitoki tena.

"Mama, hii imepigwa Brasso ya kung'arishia vyuma. Prufu haiwi hivi."

Haiwi vipi? Kwenye prufu uwanja, yaani sehemu tupu isiyo na mchoro, unang'aa, mchoro unabaki na ukungu mweupe, na kingo za herufi ni kali. Ya kawaida ukiisugua, uwanja na mnyama vinang'aa pamoja na herufi zinakuwa butu. Nikamwonyesha ukungu mgongoni mwa kifaru. Akasema siku hizi Wachina wanaweza kila kitu. Haya, kughushi kupo, hilo sibishi. Basi pima! Prufu ya kifaru ni fedha 925, yaani sehemu 925 za fedha kwa kila elfu, gramu 35. Ya kawaida ni fedha 500, kama gramu 32 hivi. Mizani ya tanzanite ilikuwa mbele ya pua yake, na gramu 35 ni karati 175, hesabu ambayo broka yeyote wa mji huu anaipiga akiwa usingizini. Akajibu kwamba mizani ni ya mawe.

Halafu sikieni hili: "Ila niachie kwa elfu themanini." Feki unainunua ya nini?

Kwenye rupia, lazima nimpe haki yake. Aliisogezea sumaku, ikanasa, na fedha hainaswi na sumaku. Akanipa lenzi nione tai wa kwenye kofia ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani, alivyokosa manyoya, na simba wa upande wa pili alivyovimba. Alieleza taratibu, tena kwa adabu, mpaka nikaanza kumpenda. Shemeji alinuna, lakini ukweli ni ukweli. Kwa hiyo kazi anaijua. Na hilo ndilo linalonichoma zaidi, maana anayejua kiasi hicho hawezi kusingizia ujinga kwenye kifaru.

Baadaye sonara mmoja wa Moshi alinipimia bure, tena kwa kuishika kwa kitambaa laini ukingoni bila kuambiwa. Mizani ikasoma 35. Uzito peke yake haumalizi ubishi, najua, wanaoghushi nao wana mizani. Lakini hoja ya Brasso imekufa pale pale. Kusugua kunapunguza chuma, hakuongezi gramu tatu. Wenzangu wawili sasa wamehamia kwenye hoja ya Wachina.

Mimi naiamini prufu yangu, ila nikitaka kuiuza leo, nani atalipa bei ya prufu yenye mikwaruzo ya fulana?

Nampa nyota mbili, zote za rupia. Mwenye rupia ya Mjerumani aende tu, atasaidiwa. Mwenye prufu asiitoe kwenye kapsuli hata akiombwa kwa magoti. Au basi, hata ya rupia msiende, sumaku zinauzwa madukani na elfu kumi yenu itabaki mfukoni. Nyota moja.