Nlienda kusomewa karata za taroti Nyali hapa Mombasa, shilingi 2,500 kwa saa moja, haya ndo maoni yangu

Haya, wale mlokuwa mwauliza "ulienda kweli?", ndio nlienda. Na nlienda kwa pesa yangu, sikupewa diskaunti wala sikuambiwa niandike chochote, kwa hivo ntasema nlivoona.

Kwanza nieleze ni kitu gani, manake shangazi aliposikia "karata" na "kusomewa" alinitolea macho, akanambia mwanangu wewe, hujui mtu akienda kwa mpiga ramli sala zake hazikubaliwi siku 40? Najua shangazi. Ndo maana nlimpigia yule dada msomaji wa karata kabla nkamuuliza wazi, wewe watazamia? Utanambia ntaolewa lini? Akasema la, yeye hatabiri kitu, anatumia zile picha kukufanya uongee, ujione zile pande zako ambazo mwenyewe huzitazami. Nkaona hilo naweza kulijaribu. Shangazi mpaka leo hajaridhika na mie simlaumu.

Pahali penyewe ni nyumba ya kawaida, ghorofa ya pili, tuktuk kutoka Buxton nlilipa 200. Mkeka, mito, feni moja inalia kik kik kik, na udi umefukizwa mpaka nkadhani mna bibi harusi ndani. Tuliahidiana saa nane, tukaanza saa tisa kasorobo na pole sikupewa. Alafu katikati simu yake ikaita mara tatu, moja akaipokea akawa anamuelekeza fundi wa mabomba. Dada, mie nimelipa.

Sasa karata. Zote ni 78. 22 ndo zile kubwa zenye majina kama Mwezi, Jua, Kifo, zilobaki 56 zimegawanywa mafungu manne: vikombe, panga, fimbo na sarafu. Alizokuwa nazo yeye ni zile maarufu zilotoka London 1909, mpango wa Arthur Edward Waite lakini mkono ulochora ni wa mwanamke, Pamela Colman Smith. Na mie nasema sifa ni za huyo mama, manake zile za kale nyingi kwenye karata za namba utaona vikombe vitano vimepangwa tu basi, yeye kila moja akaitilia watu na kisa. Bila hivo ungeangalia nini?

Nlichanganya mwenyewe, nkatoa tatu. Ya kwanza ni vile watu wanavokuona, ya pili unayowaficha watu, ya tatu unayojificha mwenyewe. Akasema kuna daktari wa Uswisi, Carl Jung, hicho unachojificha alikiita kivuli, zile tabia zako umezisukuma nyuma mpaka wewe mwenyewe huzioni. Ya kwanza ilitoka Nguvu, mwanamke ameshika simba mdomo. Dada akanambia usiniulize maana yake, nambie unaona nini. Nkamwambia huyu mama amechoka kumshika huyu simba. Akacheka kidogo. Ya pili Vikombe Vitano, mtu kajifunika joho jeusi kama buibui, vikombe vitatu vimemwagika mbele yake na viwili vizima viko nyuma hana habari navyo. Hapo tuliongea habari za marehemu baba, sitaziandika hapa.

Ya tatu ndo ilonimaliza. Panga Nane. Mwanamke kasimama kafungwa kitambaa machoni, kamba zimemzunguka mwili, panga zimechomekwa chini huku na huku, ardhi ina vidimbwi vidimbwi kama pale Tudor maji yakitoka. Unaona nini? Nkasema naona mtu kashikwa. Kashikwa na nani? Nkatafuta kwenye picha, hakuna mtu. Tazama tena. Nkaisogeza karibu. Kamba zimelegea. Miguu haikufungwa. Mbele yake hakuna upanga hata mmoja. Nkajikuta nasema, "sasa mbona haendi?"

Dada akanyamaza. Yaani akanyamaza kweli, nkawa nasikia feni tu.

Mie huyo nkaanza kueleza mambo ya ofisi yetu ya kliaring, mwaka wa tisa huu niko pale, kontena likikwama bandarini Ijumaa jioni anayepigiwa ni mie, na mie jibu langu lile lile, sina neno, nakuja, nkirudi nyumbani usiku namfokea mdogo wangu kwa sababu ya kijiko hakikuoshwa. Na kitu nlichokiona nimekaa pale mkekani ni kwamba bosi sijawahi kumwambia hapana hata siku moja. Si ati alikataa. Sijawahi kumwambia! Kwa dakika hizo 10 pesa yangu ilirudi yote, wallahi.

Ilivobaki aliharibu.

Kwanza akaanza hadithi ati karata hizi ni siri za makuhani wa Misri ya kale. Hapana mami. Hilo lilianza kusemwa na Mfaransa mmoja, Court de Gébelin, mwaka 1781, bila ushahidi wowote. Taroti ilianza kama mchezo Italia ya kaskazini karne ya 15, watu wacheza wapate raha zao. Misri kweli imo lakini kwa mlango mwengine, karata za kawaida ziliingia Ulaya kutoka kwa Wamamluki, watawala wa huko enzi hizo, zikiwa na vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo, ule mchezo wa farasi. Jioni nlimuhadithia ami yangu, yeye na wenzake kila siku wako barazani Kibokoni wanacheza karata, akanicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ati 2,500? Sie hizo tunazo tangu Mreno! Na ni kweli ukifikiria, kopa ni copas, vikombe. Shupaza ni espadas, panga. Uru ni dhahabu, ndo zile sarafu, pau ni fimbo. Na zile 22 kubwa Waitaliano walikuwa wakiziita trionfi, Mreno akasema trunfo, sie tukasema turufu. Nimeitaja turufu maisha yangu yote nkienda Nyali kuambiwa ni siri.

La pili ndo lilonikera zaidi. Dakika 20 za mwisho aliacha kuuliza akaanza kunambia yeye. Wewe watu wakuona uko imara lakini ndani una wasiwasi, una uwezo mkubwa hujautumia, wajilaumu sana. Mie machozi yananilenga, nawaza huyu kajuaje? Jumamosi yake rafiki yangu naye akaenda, tukakutana Lighthouse tukila mihogo ya kukaanga, nkamwambia hebu nambie alikwambiaje. Una uwezo mkubwa hujautumia. Wajilaumu sana. Neno kwa neno! Pilipili ilimpalia kwa kicheko. Na mchezo huu wajulikana, 1948 kule Marekani mwalimu wa saikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha kila mmoja akapewa "majibu yake" ayapime kati ya 0 na 5, wastani ukatoka 4.26, kumbe wote wamepewa karatasi moja, na maneno mengi kayatoa kwenye kitabu cha unajimu. Ndani yake mna uwezo usotumika na mna kujilaumu, angalia mwenyewe.

Mwisho kabisa akatoa mshumaa, 1,500, wa kusafisha nyota. Hapo nkavaa viatu. Si ulisema wewe si mganga?

Basi nampa nyota 3 kati ya 5, na zisisafishwe. Mbili ni za ile Panga Nane na kule kunyamaza kwake, manake kunyamaza ni kazi, wengi hawawezi, moja ni ya Bi Pamela. Kifurushi cha vikao vinne kwa 8,000 msinunue, kimoja chatosha, kingine waweza kukaa na karata zako nyumbani na rafiki mmoja anayejua kuuliza kisha akafunga mdomo.

Bosi alipiga tena Ijumaa ilopita, saa kumi na mbili na nusu. Nlipokea, nkaenda. Nimeandika tu msije mkadhani nimebadilika.

Wa kwenda: malipo ni M-Pesa na anataka kabla, mwambie mapema azime simu na hutaki mshumaa, na usikae ule mto wa dirishani, jua la saa tisa lakupiga usoni picha zenyewe huzioni.