Ami wa suruali za zamani, soko la Kongowea, Mombasa

Nimenunua mitumba Kongowea tangu niko shule ya msingi, na huyu ami ndiye muuzaji wa kwanza kunieleza kwamba nimeuziwa uongo bila kutaka kuniuzia chake papo hapo. Kibanda ni bati mbili na kamba tatu, suruali za zamani tupu. Belo likifunguliwa, wenzake hugombania zilizo mpya, yeye anaokota zilizobaki chini.

Jumamosi nilimpelekea jinzi ya Levi's niliyomnunulia kaka yangu mahali pengine kwa shilingi 1,800. Niliapiwa ni ya kiume, ya miaka ya sitini. Kaka alipoivaa ikamkaba kiunoni na kupwaya nyuma.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu, lete tuone."

Akaigeuza ndani nje. Akashika kile kitambaa chekundu cha mfukoni. Hadi 1971 jina liliandikwa hapo kwa herufi kubwa zote, kisha e ikawa ndogo. Yangu ilikuwa na e ndogo, kwa hivyo miaka ya sitini ikafa hapo. Halafu lebo ya kufulia. Marekani ililazimisha watengenezaji kuweka maelezo ya kufua kuanzia 1972, nayo yalikuwa ya maneno. Michoro mitupu ya beseni na pasi iliruhusiwa kule mwaka 1997. Yangu imeshonwa Marekani, na ina michoro mitupu, kwa hivyo si ya kabla ya hapo. Mwisho akailaza mezani, akapitisha kidole gumba polepole kwenye mshono wa nje, kutoka kiunoni hadi pajani. Mshono ulitoka nje kwenye nyonga kama ubavu wa mtungi. "Hii alikatiwa mwanamke," akasema. Basi, kumbe ni yangu, na sasa naivaa mimi.

Kwake nilichukua suruali ya sufu ya kijivu, 900. Mbele haina uwazi wowote. Zipu yake ni ya chuma, iko ubavuni kushoto, na ndivyo suruali nyingi za wanawake zilivyoshonwa zamani. Lebo inataja Ujerumani Magharibi, iliyoungana na Mashariki 1990, kwa hivyo si ya baada ya mwaka huo. Nilipombana anitajie mwaka alikataa: "Zaidi ya hapo nitakuwa nakudanganya." Kisha akakunja mkanda wa kiuno akanionyesha tundu mbili za nondo ambazo nisingeziona mpaka nifike nyumbani. Akapunguza mia bila kuombwa. Kwa hili tu ningerudi.

Kasoro ipo, hakuna pa kujaribia. Mwanamke aje na leso yake ajifunge, na asubuhi mapema kabla njia haijajaa watu. M-Pesa anapokea. Ijumaa hufunga kabla ya sala, na mara nyingi harudi tena hadi kesho yake.