Plagini ya picha kwenye TiddlyWiki: imekufa, ao tunaikosea?

Jambo yenu bandugu, karibuni tena. Leo niko Katuba, hapa Lubumbashi, kwenye meza ya yaya wangu, na mkisikia mngurumo nyuma ya sauti yangu, hiyo ni cherehani. Nimemuomba apumzike dakika kumi, amekataa. Ana nguo za harusi.

Yaya ni fundi wa kushona. Vipimo vya wateja, modeli, bei, nani amelipa avansi na nani anamzungusha, yote anaandika ndani ya TiddlyWiki. Kwa asiyeijua: ni daftari zima ndani ya faili moja la HTML, unalifungua kwenye kivinjari hata kama huna mega hata moja. Jeremy Ruston ndiye aliyeianzisha mwaka wa 2004, na ni ya bure.

Sasa, picha. Ukiburuta picha na kuidondosha ndani ya TiddlyWiki, inageuzwa kuwa herufi na kumezwa na lile faili. Kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, kwa hiyo picha ya megabaiti 3 inaingia ikiwa na 4. Faili tupu lina megabaiti mbili na kitu. La yaya, na picha zake za vikwembe, lilikuwa limefika 90! Na kila akihifadhi, faili lote linaandikwa upya tangu mwanzo. Alikuwa anabonyeza, anaenda kusonga bukari, anarudi.

Ndipo nikamwekea plagini, yaani kiongezo cha programu, inayoitwa External Attachments. Kazi yake ni moja: picha inabaki kwenye folda yake, daftari linaandika njia ya kuifikia tu. Juma moja halijaisha, yaya ananipigia: «Ile kitu yako imekufa. Naburuta, picha inaonekana, lakini faili linazidi kunenepa.»

Swali la kwanza nililomuuliza: ulihifadhi na kupakia ukurasa upya? Maana plagini yoyote ya TiddlyWiki ukiidondosha ndani haianzi kazi palepale, ile ilani ya manjano inakwambia hivyo, na watu wanaifunga bila kuisoma. Akasema amefanya. Na kweli alifanya, nimekagua.

Basi tazameni hapa kwenye skrini. Naburuta hii picha ya kikwembe cha buluu... nadondosha... nakubali kuingiza. Imeonekana. Sasa nafungua tidla yake, yaani ukurasa wake mdogo ndani ya daftari, kwa kuihariri, nashuka chini kwenye sehemu za kujaza. Natafuta sehemu inayoitwa _canonical_uri, ile inayobeba njia ya picha. Haipo. Hapo ndipo jibu lilipo: kama sehemu hiyo haipo, picha imemezwa, plagini haijafanya kitu.

Kwa nini? Yaya anafungua daftari kwenye Chrome. Unapodondosha faili, kivinjari kinaupa ukurasa jina la faili na yaliyomo, lakini hakisemi faili linakaa wapi kwenye kompyuta yako. Ni usalama, na ni haki yake. Lakini plagini inaishi kwa ile njia. Isipopewa, inanyamaza, na TiddlyWiki inaendelea na tabia yake ya zamani. Kunyamaza huko ndiko kunakoniudhi. Sentensi moja tu ingetosha: «hapa siwezi kufanya kazi.» Yaya asingepoteza siku tano.

Dawa ni kufungua daftari lilelile ndani ya TiddlyDesktop, programu ya kompyuta ya kufungulia madaftari ya TiddlyWiki bila kivinjari cha kawaida. Mchezo uleule: naburuta, nadondosha, nafungua tidla... mnaiona? _canonical_uri, na njia ya folda. Nahifadhi: faili halijanenepa. Humo plagini naipa alama nzuri. Kwenye kivinjari cha kawaida, msijisumbue kuiweka.

Ambaye hataki kuacha kivinjari afanye kwa mkono. Tengeneza tidla mpya, aina yake image/jpeg, maandishi uyaache tupu, ongeza sehemu _canonical_uri na uandike ./picha/buluu.jpg. Folda ya picha ikae kando ya daftari, na ukihama na flash, hama na vyote viwili. Angalieni herufi kubwa pia: Windows haijali kama ni Picha ao picha, Linux inajali sana. Yaya aliwahi kupeleka flash kwa jirani mwenye Linux, picha zote zikapotea machoni, akadhani ni virusi.

Na wale ambao hata kudondosha kunawashinda: ukifika juu ya ukurasa na picha mkononi, lazima mstari wa kijani utokee juu. Usipouona, usiachie kipanya, kivinjari kinaweza kufungua picha yenyewe mahali pa daftari lako. Tena shikeni picha kutoka kwenye folda, si kutoka kichupo kingine, maana huko kuna wakati unachobeba ni anwani tu.

Kwenye simu, kuburuta kutoka galari sahauni. Kuna kitufe cha kuingiza faili kwenye zana za pembeni, na hapo picha inamezwa kama kawaida.

Sasa yaya anazitoa zile za zamani ndani ya faili, moja moja, kwa mkono. Ziko 140. Jana usiku alikuwa amefika ya 31, umeme ukakatika.