Jedwali la elementi lenye nguzo: miezi saba ukutani mwa darasa langu

Majedwali ya elementi niliyofundishia kemia kwa miaka kumi na miwili yalikuwa ya aina moja: visanduku vya rangi, na pembeni mishale miwili mirefu, mmoja ukielekea kulia, mwingine ukipanda juu. Yote miwili imeandikwa "nishati ya uionishaji inaongezeka". Wanafunzi wanaikariri, mtihani unapita, wanasahau.

Hili jipya halina mishale. Kila kisanduku kina nguzo nyembamba inayoonyesha nishati hiyo ya uionishaji, yaani nishati inayohitajika kung'oa elektroni ya kwanza kwenye atomi, na juu yake tarakimu yenyewe, kwa kilojuli kwa moli. Chini ya nguzo kuna duara la ukubwa wa atomi. Ukisimama nyuma ya darasa unaona milima: kuanzia lithiamu, 520, nguzo zinapanda hadi neoni, 2081, kisha zinaporomoka ghafla kwa sodiamu, 496, na safari inaanza upya. Neno "kipindi", yaani mstari mmoja wa jedwali kutoka kushoto kwenda kulia, linaeleweka kabla sijafungua mdomo.

Wiki ya kwanza tu, mwanafunzi mmoja ambaye huwa kimya alikuja mbele akaweka kidole kwenye oksijeni. "Mwalimu, hapa wamekosea kuchapa?" Naitrojeni ni 1402; oksijeni, iliyo kulia kwake, ni 1314. Nguzo imeshuka. Hawakukosea. Naitrojeni ina elektroni tatu kwenye obiti za p, yaani vyumba vitatu vya elektroni, kila moja na obiti yake. Oksijeni inaongeza ya nne, na hiyo haina budi kuingia palipo na mwenzake. Zote zina chaji hasi, zinasukumana, kwa hiyo kung'oa mojawapo kunakuwa rahisi kidogo. Hazikupita dakika tano, mwanafunzi yule akawa ameona bonde jingine peke yake: beriliamu 900, boroni 801. Mshale ungeyafunika mabonde yote mawili. Kwa hilo tu ningelinunua tena.

Maduara, hata hivyo, yana kasoro kubwa. Ukifuata kipindi cha pili kutoka kushoto yanapungua vizuri, maana protoni zinaongezeka kwenye kiini na kuzivuta karibu zaidi elektroni za ganda lile lile. Unafika florini, pikomita 71. Unavuka kwenda neoni: 154! Waliochora wamechanganya vipimo viwili. Florini imepimwa kwa nusu ya umbali kati ya viini vya atomi mbili zilizoungana. Neoni haiungani na yeyote, hivyo imepewa kipimo cha atomi zinazogusana tu. Huwezi kulinganisha namba hizo mbili, na pembeni hakuna hata mstari mmoja wa maelezo. Wanafunzi wangu watatu waliandika kwenye jaribio kwamba atomi ya neoni ni kubwa kuliko ya florini. Sikuwa na haki ya kuwanyima alama, wamesoma walichoonyeshwa. Nimebandika karatasi nyeupe juu ya maduara yote ya kundi la 18, safu wima ya mwisho kulia yenye neoni.

Elementi zote 118 zipo, mpaka oganesoni. Maandishi yanasomeka kutoka dawati la nyuma, isipokuwa zile safu mbili za chini. Plastiki ya juu inakubali kalamu ya ubao na inafutika bila kuacha alama.

Plastiki hiyo imenipa somo ninalolipenda kuliko yote. Nafunika nguzo ya galiamu, elementi ambayo Mendeleev, mwanakemia Mrusi aliyetunga jedwali la elementi, aliiachia nafasi wazi na ikagunduliwa mwaka 1875, kisha nawaomba wanafunzi wachore wanayoitarajia. Juu yake kuna alumini, 578; chini kuna indiamu, 558. Karibu wote wanachora katikati, na ni makisio ya akili kabisa. Nikifunua wanakuta 579. Darasa linalipuka, kila mtu anataka kujua kwa nini, nami nawapeleka kwenye zile elementi kumi zilizo kushoto kwake, kuanzia skandiamu hadi zinki, na elektroni zao za d (aina nyingine ya obiti) zisizokinga vizuri mvuto wa kiini, hivyo elektroni ya nje ya galiamu inashikwa kwa nguvu kuliko walivyotarajia.