Kompyuta ya gemu: ununue iliyo tayari au uunganishe mwenyewe?

Iliyo tayari unaitoa kwenye boksi, unachomeka, unacheza. Ikiharibika, waranti ni moja na wa kumdai ni mmoja. Shida imejificha ndani. Muuzaji hutangaza prosesa na kadi ya picha (kifaa kinachochora gemu kwenye skrini), halafu mara nyingi hubana matumizi kwenye pawa saplai, feni na ubao mama, yaani ubao unaounganisha vifaa vyote. Nimewahi kufungua moja nikakuta RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ni kijiti kimoja cha GB 16, wakati viwili vya GB 8 vingefanya kazi kwa chaneli mbili, yaani njia mbili za data kwa pamoja, na gemu zingekimbia vizuri zaidi.

Kuunganisha mwenyewe kunaweza kukula siku nzima, na kila kifaa kina waranti yake. Lakini skrubu zote unazijua. Mimi ningeunganisha, isipokuwa kadi za picha zikiadimika. Hapo iliyo tayari huweza kuwa nafuu.