Karakana ya Igombe na safari ya Bukoba: ubao nimeuamini, injini sikuiamini

Boti yangu ni ya mbao, urefu wa futi 36, inaendeshwa na injini ya Yamaha ya nguvu za farasi 40, na kazi yake ni kupeleka nyavu, chumvi, sukari na mapipa ya plastiki kwa wenye maduka wa visiwa vya upande wa Muleba, kisha kurudi Mwanza na magunia ya dagaa. Mwanzoni mwa Julai nilikuwa na mzigo uliotakiwa kufika Bumbire na Bukoba, na wenye mzigo walikuwa wameshalipa nusu. Siku mbili kabla ya kuondoka, vijana wakiisogeza boti kutoka Kirumba kwenda Igombe, ikagonga jiwe. Anayeufahamu ufukwe wetu hatashangaa. Ziwa lilipojaa kupita kawaida mwaka 2020, na tena mwaka 2024, mawe mengi tuliyozoea kuyaona yakitokeza yalifunikwa, na nahodha anayefuata alama za zamani hupita juu ya jiwe mara tisa kwa salama, mara ya kumi jiwe likamkumbusha kwamba halijahama.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye karakana ninayoizungumzia hapa. Jina la mwenyewe silitaji, kwa sababu lawama niliyo nayo nimeshampa uso kwa uso, na karakana yenyewe haina hata kibao: ni paa la bati juu ya nguzo za miti, meza mbili za kazi, mbao zilizosimamishwa kivulini, mafundi watatu wa mbao na kijana mmoja wa injini. Nililetwa na mvuvi mmoja aliyeniambia kwamba fundi mkuu wa pale ni mgumu wa maneno na mgumu zaidi wa kuharakishwa, na sifa zote mbili nilizithibitisha kabla ya saa nne asubuhi.

Nilimsalimia kwa "mwangaluka" kama ilivyo desturi, akaitikia, akaacha chai yake na kuizunguka boti bila kuuliza lililotokea. Mkononi alikuwa na nyundo, lakini aligonga kwa mpini wake, ubao baada ya ubao, sikio likiwa karibu. Ubao mzima ulitoa mlio mkavu, wenye mwangwi. Alipofika upande wa kushoto, chini ya mstari wa maji, hatua mbili hivi kutoka tezi, yaani sehemu ya nyuma, mlio ukafa. Akaomba bisibisi, akaisukuma kwa kiganja tu, nayo ikazama kama inavyozama katika kiazi kilichochemshwa.

"Mjomba, jiwe limekusaidia," aliniambia. "Hapa ungeenda kutobokea kati ya ziwa."

Kilichokuwa pale ni kazi ya fundi mwingine, niliyemlipa mwaka juzi katika mwalo mwingine, ambaye badala ya kuung'oa ubao uliokuwa umeanza kuoza aliufunika kwa kipande cha bati, akakipaka lami na kukipigilia misumari pembeni. Kwa nje palionekana pazuri kuliko boti nyingine yote. Kwa ndani maji yalikuwa yamenaswa kati ya bati na mti, na taruma moja, yaani ubavu wa ndani wa boti, lililoshikilia ubao huo lilikuwa limelainika kuanzia kwenye matundu ya misumari. Nilimweleza fundi kwamba nina siku mbili tu. Akajibu kwamba siku mbili zinatosha kubadilisha ubao mmoja na kuliwekea taruma pacha, ila hazitoshi kubadilisha mawazo yangu nikitaka njia ya mkato, kwa hiyo nichague mapema.

Kuhusu kazi ya mbao, sijaona mahali pengine hapa Mwanza panapofanya vizuri zaidi kwa bei hiyo. Ubao mpya ulikuwa wa mninga, uliokauka vya kutosha, nao ulirandwa kwa mkono na kujaribiwa mahali pake mara nne au tano kabla ya msumari wa kwanza kuingia. Misumari ilipitishwa hadi ndani na ncha zake zikakunjwa juu ya taruma, ili mbao zisiachane boti inapopigwa na wimbi. Kisha ikaja kalafati, yaani kuziba nyufa kati ya mbao, na hapo nilivuta kigoda nikakaa. Fundi alichukua pamba, akaisokota juu ya paja lake hadi ikawa kamba nene kama penseli, akailowesha katika rangi ya mafuta, akailaza juu ya ufa na kuanza kuishindilia kwa patasi butu, akisogea upana wa kidole kwa kila pigo. Pwani hutumia pamba vilevile, tofauti ni mafuta yake. Huku, ambako pamba inalimwa nyuma ya nyumba zetu, ingekuwa aibu kuikosa. Mlio wa patasi ulianza kwa uzito, ukawa unapanda kadiri ufa unavyojaa, na ulipofikia kiwango fulani alichokijua yeye, aliacha. Kijana wake alipotaka kuongeza pigo moja, alimzuia mkono na kumweleza kwamba pamba ikizidi, ubao ukishakunywa maji na kuvimba hauna pa kwenda, hivyo hung'oa misumari yake wenyewe.

Saa ndiyo haikuheshimiwa. Niliahidiwa kukabidhiwa boti siku ya pili saa kumi jioni, ikawa saa moja usiku. Sehemu ya ucheleweshaji ninaikubali, kwa kuwa taruma pacha lilihitaji mti wenye pindo la asili, nao ulitafutwa hadi Kayenze. Sehemu nyingine siikubali: katikati ya siku ya pili mafundi wawili kati ya watatu waliondolewa kwenye boti yangu kwenda kuziba mtumbwi wa dagaa wa mteja wa siku nyingi, bila mimi kuulizwa wala kuarifiwa. Mteja mgeni pale ajue kwamba yeye ni mgeni.

Ugomvi wetu mkubwa ulizuka baada ya hapo. Mzigo ulikuwa ufukweni chini ya turubai, mawingu hayakuwepo, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa haukuwa na onyo lolote kwa ziwa, na mimi nilitaka tupakie na kuondoka usiku uleule. Fundi alikataa. Boti isukumwe majini ikiwa tupu, alisema, ilale humo hadi alfajiri, ndipo atakapoiachia. Nilimkumbusha kwamba mwenye boti ni mimi na kwamba yeye ndiye aliyezila saa zangu. Akasema ni kweli, na kwamba nikitaka nipakie, lakini basi nichukue fedha zangu za ufundi nirudi nazo nyumbani, kwa sababu hataki kazi yake ihesabiwe kwenye safari hiyo. Nahodha wangu, ambaye kwa kawaida huwa upande wangu, alikohoa na kutazama pembeni. Nikakubali kwa hasira.

Alichokifanya usiku ule ndicho kilichonifanya niandike tathmini hii badala ya kulalamika tu. Boti ilipoelea, maji yalianza kutoka katika ungio la ubao mpya, si kwa kububujika bali kwa jasho, matone yaliyojipanga kama shanga na kuteleza moja moja hadi chini. Fundi hakuyagusa. Aliliwasha kurunzi, akaingia, akachora mstari wa chaki juu ya taruma pale maji yalipofikia saa mbili usiku, akajifunika koti na kulala juu ya nyavu zangu. Saa tano aliamka, akachora mstari wa pili, ukiwa juu ya ule wa kwanza kwa upana wa vidole vinne. Saa nane akachora wa tatu: upana wa kidole kimoja na nusu. Saa kumi na moja alfajiri aliniita nishuke nione mwenyewe. Mstari wa nne ulikuwa karibu kuugusa wa tatu, unene wa chaki yenyewe tu ukiitenganisha. Mbao zilikuwa zimekunywa, zimevimba na kuibana pamba. Tulikumba maji yote, yakajaza ndoo moja na kitu, na kwa saa nzima ya kupakia mzigo tumbo la boti halikuongeza hata kata moja.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, watu wanne, kila mmoja na jaketi lake la kujiokolea, petroli ikiwa imechanganywa na oili kwa kiasi cha 50 kwa 1 kama injini hii inavyotaka. Bwiru ilibaki kushoto kwetu. Ni karibu na huko MV Bukoba ilikozama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake na Mwanza ikionekana mbele, na wengi wao wamezikwa Igoma. Boti yangu si meli, lakini nahodha hupunguza mwendo kila tunapopita eneo lile, wala hajawahi kuniambia sababu. Asubuhi ile nilikuwa nimeshaacha kuzihesabu saa zangu zilizopotea.

Sasa nije kwa injini. Kijana wa injini wa karakana ile alilipwa shilingi 60,000 kwa kubadilisha plagi, kuweka oili mpya ya giaboksi na kukagua pampu ya maji ya kupozea, na kwenye karatasi yake aliandika kwa mwandiko mzuri sana kwamba pampu "imekaguliwa, nzima". Tulikuwa tumeipita Kome, tukielekea Maisome, nilipoona kwamba mchirizi wa maji unaotoka kwenye kitundu cha nyuma ya injini, ambao huruka mbali kama mkojo wa mtoto mwenye afya, umekuwa unadondoka. Tulizima, tukaiinua injini, tukakuta nyuzi za magugu maji kwenye matundu ya kuingizia maji, tukazitoa na kuamini kwamba tatizo limekwisha. Baada ya nusu saa mchirizi ukadhoofika tena, na kichwa cha injini kikawa hakigusiki.

Tuliingia kwa kasia na mwendo wa chini hadi ufukwe wa Maisome, tukaufungua mguu wa injini juu ya turubai ili boliti isipotee mchangani. Ndani ya pampu, kile kipande cha mpira chenye mabawa sita kinachosukuma maji kilikuwa na mabawa manne. Mawili yaliyokosekana hayakukatika siku ile. Kingo zake zilikuwa zimelainika na kuwa nyeusi, na kipande kimoja tulikikuta kimejikunja kwenye njia ya maji. Pampu haiwezi kukaguliwa bila kufunguliwa, na ile haikuwa imefunguliwa, kwa maana boliti zake zilikuwa bado na rangi isiyoguswa na spana. Bahati ni kwamba huwa ninabeba mpira wa akiba kwenye kopo la chai. Kazi ilituchukua saa mbili na nusu, na upepo wa mchana ulipoanza kulichafua ziwa tukaamua kulala Ikuza badala ya kuvuka. Kesho yake tuliteremsha mzigo Bumbire, tukapita mbele ya Kemondo na kuingia Bukoba saa tisa alasiri. Njia nzima tangu Igombe tulikumba maji mara moja, nayo mengi yake yalikuwa yale yaliyorushwa na mawimbi.

Kwa wanaotaka hesabu, ufundi wa mbao ulinigharimu shilingi 220,000. Ubao, mti wa taruma, misumari, pamba na rangi vikafika 140,000. Na injini ni hizo 60,000 nilizotaja. Bei walizotaja mwanzoni ndizo nilizolipa mwishoni, jambo ambalo kwa mafundi wa mwaloni si la kawaida. Niliporudi na kumwonesha mwenye karakana ule mpira wenye mabawa manne, aliugeuzageuza, akamwita kijana wake na kumwekea mkononi bila kusema neno, kisha akanirudishia fedha zote za injini. Nimelipokea hilo kwa heshima, lakini injini yangu sitaipeleka tena pale hadi nione anayefungua pampu mbele yangu. Boti ya mbao ninairudisha Agosti.

Fundi mkuu hakuniuliza habari za injini. Alipanda ndani, akainama na kurunzi, akapitisha kidole juu ya mistari yake minne ya chaki, ambayo vijana nilikuwa nimewakataza kuisugua. Kisha akahamia upande wa kulia, akaanza kugonga kwa mpini wa nyundo, akasimama kwenye ubao wa tatu kutoka mkukuni, ule mti wa uti wa mgongo wa boti, na kuurudia mara mbili.

"Huu nao umeanza," alisema. "Lakini mjomba, usiniletee siku mbili kabla."