Tortoise: Mota ya Pointi kwa Reli Ndogo za Mezani

Mjenzi wa reli ndogo ya kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87, hufika mahali ambapo pointi (sehemu ambapo njia hugawanyika na treni huelekezwa upande mmoja au mwingine) za nyuma ya meza hazifikiki kwa mkono bila kuangusha nyumba na miti iliyoko mbele. Kwa kazi hiyo naipendekeza Tortoise, mota ya kampuni ya Circuitron ya Marekani, ingawa si kwa kila meza.

Mota za koili, yaani waya uliosokotwa unaogeuka sumaku umeme ukipita, kama PL-10 ya Peco ya Uingereza, huzigonga ndimi za pointi (vipande vya reli vinavyosogea) kwa kishindo, na kitufe kikishikiliwa muda mrefu koili huungua. Tortoise huzisogeza taratibu, kwa takriban sekunde tatu, na zikishagusa reli mota hukwama huku umeme ukiendelea kupita, ndimi zikabaki zimebanwa. Imeundwa ikwame hivyo. Kwa volti 12 za DC hutumia miliampea 15 hivi ikiwa imekwama, umeme mdogo kiasi kwamba taa mbili za LED, zikifungwa kwa kupingana, huungwa kwenye waya huohuo bila rezista (kipunguza umeme) na kuonyesha pointi imeelekea wapi.

Ndani yake mna swichi mbili za ziada, na moja pekee inatosha kuhalalisha bei: hubadilisha umeme wa kipande cha chuma pale reli zinapokatana, mahali ambapo injini fupi hupenda kuzimika.

Kazi ngumu ni kuifunga. Waya wa chuma hupanda kutoka kwenye mota, hupita kwenye tundu la milimita 6 hivi na kushika kiungo cha ndimi. Kipande cha plastiki kinachoteleza hupandishwa au kushushwa ili kurekebisha urefu wa msogeo. Nyaya zilehemiwe kabla mota haijapanda chini ya meza, maana risasi iliyoyeyuka haichagui pa kudondokea, na uso wa fundi aliyelala chali uko karibu. Pointi za Peco zina springi yake ndogo, ambayo ni heri kuiondoa ili isishindane na mota.

Dosari yake ni umbo: inashuka zaidi ya sentimita 8 chini ya ubao, kwa hiyo kwenye yadi (eneo la kupangia mabehewa) yenye pointi zilizosongamana, au juu ya boriti, haienei. Huko ningefunga mota ndogo ya servo, ambayo hugeuka hadi pembe iliyopangwa, na Tortoise ningeziweka kwenye njia kuu.